Asajile Aingia Maktaba ya Iyula Mara Tisa

Tueni majembe chini, enyi wana wa Mbozi! Nanyi mwendao Galula, zimeni pikipiki. Nanyi mlioko Msangano, waacheni ng'ombe wanywe bila kuchungwa. Nitasimulia vita vilivyopiganwa Iyula Jumanne ile, kwa kalamu moja ya bluu, katika maktaba ya kata yenye rafu tatu na benchi moja. Navijua kwa kuwa nilikuwa nimekaa kwenye benchi hilo, nikisubiri gazeti.

Shujaa wetu ni Asajile mwana wa Ipyana, Mwenye Miwani ya Uzi, mkulima wa kahawa, aliyejifunza kusoma kwa mwanga wa koroboi katika madarasa ya ngumbaru, na tangu hapo hajaruhusu neno lililochapwa limpite bila kulihoji. Katika masika moja alivishinda vitabu vitatu vipya, kuanzia jalada hadi jalada: kimoja cha muziki, kimoja cha jamii, kimoja cha mauti. Akawa na maoni juu ya vyote vitatu, lakini masikio ya Iyula yalikuwa yamefungwa makomeo. Mwanawe alisema anapalilia. Mchungaji alisema tuonane Jumapili. Na jirani yake Amoni, Ulimi wa Upupu, alimtangazia mbele ya watu kwenye mashine ya kukoboa: "Wewe mzee hujasoma kitu! Ulikuwa unapunga inzi kwa kitabu."

Maneno hayo yalimchoma, kwa maana alikuwa na miaka sabini na minne, na alitaka, kabla udongo haujamfunika, mtu mmoja tu ayasome mawazo yake mpaka mwisho.

Basi akaazimia kuyaandika katika kitabu cha wageni. Mnakifahamu: tarehe, jina, utokako, maoni, sahihi, na nafasi ya maoni haizidi njiti mbili za kiberiti. Humo, tangu maktaba ifunguliwe, taifa zima la wasomaji liliandika "Nzuri".

Asajile akachomoa kalamu kama fumo, akaandika: "Huyu wa muziki anasema spika zimeiua kwaya." Nafasi ikaisha. Akavuka mpaka, akaingia mstari wa pili.

"Baba, shikamoo," akasema Restuta, Bibi wa Muhuri, mtunza maktaba. "Huo mstari ni wa mtu mwingine."

"Marahaba, mwanangu. Hoja yangu haijaisha."

"Kila anayeingia ana mstari mmoja. Wakubwa wakija kukagua nitawaambia nini?"

"Anayeingia, umesema?"

"Ndiyo, baba."

Hapo majemadari wa kale wangelia kwa wivu. Asajile akavaa kofia yake, akatoka nje, akageuka, akasimama mlangoni. "Hodi!"

Restuta akamgeuzia kitabu. "Karibu, baba. Saini."

Akasaini: "Hajawahi kukaa mbele ya waimba besi wetu." Akatoka. Akaingia: "Huyu wa jamii anasema watu hawatembeleani tena." Akatoka. Akaingia: "Aende Tunduma, akae kwenye foleni ya malori." Akatoka. Akaingia: "Siku ya tatu atakuwa amealikwa ubatizo."

"Babu, umesahau nini humo?" akauliza Nesta, muuza ndizi wa kibarazani. "Nikuazime kikapu ubebe vyote mara moja?"

Asajile akatoka. Magoti yalimlia kama bawaba, ngazi mbili za saruji zikawa kwake mlima, naye akazipanda mara ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa, akaandika: "Huyu wa tatu anasema mauti ni usingizi." "Si kweli." "Marehemu mke wangu Jenista alikuwa akikoroma." "Sasa nyumba iko kimya."

Kisha akaanguka benchini kando yangu, akihema.

Ndipo akaingia Amoni, aliyevutwa na habari kwamba mzee fulani anatoka na kuingia kama kuku anayetaga. Restuta akamsukumia kitabu. Na ili aufikie mstari mtupu, ilimbidi Amoni ashuke ukurasa mzima kwa kidole, midomo ikichezacheza, kutoka kwaya hadi Jenista. Pale kidole kikasimama. Akaandika, akakandamiza kalamu hata karatasi ikatoboka.

Asajile akainuka akasoma. Iliandikwa: "SIKUBALI. Dina wangu ana miaka sita kaburini, na kila asubuhi bado ananifokea."

Alisoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akapaza sauti hadi Nesta akadondosha chane. "Restuta! Watu wa Iyula! Nimepingwa! Nimepingwa kwa maandishi!"

"Na sijamaliza," akasema Amoni. "Hata kwenye kwaya umekosea."

"Basi toka nje, ndugu yangu, uingie."

Amoni akatoka. Wanahistoria na waandike: falme zimeanguka na mipaka imehamishwa, lakini siku hiyo, kabla ya saa sita mchana, mhitimu wa ngumbaru alisomwa mpaka nukta ya mwisho, na Iyula yote ikasikia hodi ikipigwa kwa nguvu.