Kamati Iliyokomesha Utumwa kabla ya Chakula cha Mchana

Taifa lijue, na wageni walioko mjini wajulishwe: kuanzia Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, utumwa wa kisasa ulikoma rasmi katika kampuni ya Tunda Jema, wauzaji wa parachichi ng'ambo. Ulikoma kwenye ghorofa zote tisa za ofisi yao katikati ya Nairobi, isipokuwa ya sita, ambayo ilikuwa ingali inapakwa rangi.

Mwenye sifa hizo ni Bwana Ndambuki, Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Kuzuia Utumwa katika Shughuli na Mnyororo wa Ugavi. Huyu hakuwa mtu wa mchezo. Mwezi uliopita alimfukuza muuza makreti mmoja kwa kuwanyang'anya vibarua wake vitambulisho. "Ukishika kitambulisho cha mtu, umemfunga miguu," aliwaambia waandishi wa habari, akarudia polepole ili waandike.

Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, nyumbani kwake Loresho, alikuwa anafunga tai Kavindu alipomjia. Kavindu ndiye aliyemfanyia kazi za nyumba, na hii ilikuwa mara ya nne wiki hiyo.

"Baba Mwelu, ni ile ID yangu. Leo ndio mwisho. Ofisi ya soko inataka niende nayo kabla ya saa kumi, ama kibanda ya kusuka nywele hapo Kenyatta Market ipewe mtu mwingine."

Ndambuki alisikitika kwa dhati. Kitambulisho hicho alikuwa amekihifadhi miaka mitatu, tangu siku Kavindu alipofika, kama inavyofanywa katika nyumba zenye heshima. Mfanyakazi akiwa na ID yake mkononi, si ataamka siku moja ajiendee? Watoto wataachiwa nani? Hii haikuwa kushikilia, jamani. Hii ilikuwa ni kumjali.

"Tutaliangalia," alisema, akivaa koti na kupapasa mfuko wa ndani, upande wa kushoto. "Kwanza utuletee ile muthokoi yako ya mahindi na maharagwe ofisini saa sita. Kamati ina mgeni."

Mgeni alikuwa Madam Nurjahan, mkaguzi aliyetumwa na wanunuzi wa ng'ambo. Akitia sahihi, Tunda Jema ingepata cheti, na Ndambuki angepanda ndege kwenda kukipokea. Suti ya safari alikuwa ameshashonesha.

Saa sita kamili Kavindu akaingia na hotpoti mbili. Harufu ya muthokoi iliyokaangwa kwa kitunguu ikajaa chumba, na wanakamati wakarukia sahani. Madam Nurjahan akainua kalamu.

"Samahani. Kanuni ya saba inasema yeyote anayeingiza kitu humu, hata sindano, ni msambazaji, na kitu chake hakiguswi kabla hajajaza fomu. Nani aliandika hii? Nimeipenda sana."

"Ni mimi," alisema Ndambuki, akikaa wima. Bahati iliyoje! Mkaguzi angeona kanuni ikitembea kwa miguu yake. Akampa Kavindu fomu na kalamu yake mwenyewe. "Jaza."

Kavindu alijaza polepole, matumbo ya wanakamati yakinguruma. Kisha akasita.

"Hapa kwa namba nne niweke nini?"

"Ukweli!" Ndambuki alinguruma, jicho kwa mkaguzi. "Usiogope mtu yeyote! Kamati hii iko nyuma yako!"

"Sawa," alisema Kavindu, akaandika.

Madam Nurjahan akaisoma kwa sauti. "Namba nne. Je, kuna mtu anayeshikilia kitambulisho chako? Ndiyo. Jina lake? Baba Mwelu. Kiko wapi? Mfuko wa ndani wa koti, upande wa kushoto."

"Mshenzi!" alifoka Zedekiah, katibu wa kamati. "Huyo Baba Mwelu akamatwe leo leo!"

Kavindu akaelekeza kwa kidevu. Mwenyekiti alikuwa ameshika koti lake kifuani, jasho likimtiririka.

"Ni uhifadhi," alisema. "Kushikilia ni kitu kingine kabisa."

"Tuone huo uhifadhi," alisema Madam Nurjahan.

Kitambulisho kikatoka. Zedekiah, mtu wa taratibu, akakidaka na kukitia kwenye faili. "Kielelezo namba moja. Kitakaa hapa hadi kikao cha Juni."

"Juni ya nani?" Kavindu hakungoja kujibiwa. Alifungua faili, akachukua kitambulisho chake, akakitia ndani ya sidiria, mahali ambapo hakuna kanuni iliyofika. Alikuwa anacheka.

"Sasa kanuni ya tisa," aliendelea Madam Nurjahan. "Kosa likipatikana kwa mmoja, wote wanakaguliwa. Nitaanza na nyumba zenu. Gari liko chini."

Viti vikakwaruza sakafu, na Kamati Kuu ikamiminika kwenye ukumbi wa nje, kila mtu na simu sikioni.

"Fungua droo ya chini," Bi. Waithera, mmoja wa wanakamati, alikuwa ananong'ona. "Hapana, chini ya Biblia. Mpe. Nimesema mpe ID yake! Mwambie ilikuwa imepotea."

"Iko kwa gari ya mama watoto," Zedekiah alilia. "Na mama watoto mwenyewe je? Yuko wapi? Mombasa?"

Ndani alibaki Ndambuki, mkaguzi na hotpoti. Kavindu alikuwa ameshafika mlangoni.

"Kavindu!" Mwenyekiti aliita. "Sasa unaenda? Na chakula je?"

"Sahani ndizo hizo, Baba Mwelu," alisema Kavindu. "Mjipakulie."