Ajali ya Anga Ofisini kwa Mkurugenzi

Asubuhi ile wananchi walitangaziwa kwamba hatimaye anga yao iko salama. Kuanzia sasa kila kiroboti cha kuchezea kirukacho kwa rimoti kitaitwa ndege, mwenye kushika rimoti ataitwa rubani, na kikianguka, hiyo ni ajali ya anga: rubani haondoki alipo mpaka tume ya uchunguzi ifike.

Kanuni hizo aliziandika Mkurugenzi wa Anga ya Chini kwa mkono wake. Siku hiyo alijipenda kupita kiasi. Hata kunguru aliwaona wanaruka kwa adabu. Mchana angeapishwa kuwa naibu waziri. Suti mpya ilimkaa barabara, na mkewe alishawaalika mashemeji wote, wakiwemo wasiosalimiana.

Kabla hajatoka akaingia Mama Mapacha, muuza vidoli wa sokoni. Askari walikuwa wamemzolea bidhaa zote, na kimoja cha viroboti vyake kilikuwa juu ya meza ya Mkurugenzi kama kielelezo.

"Nirudishie vitu vyangu, mheshimiwa. Wanangu watakula nini?"

"Mama, hiki kitu kinaweza kuangusha serikali."

"Hiki? Feni tu inakishinda, baba!"

Mkurugenzi akatabasamu kwa kuwahurumia wajinga wote duniani. Akaona amwonyeshe hatari kwa vitendo, akachukua rimoti.

"Taratibu, mheshimiwa, ukibonyeza hapo..."

"Usinifundishe kazi."

Kiroboti kikapaa, kikazunguka chumba kwa heshima zote, kikavamia feni, kikamchapa Mkurugenzi kwenye paji la uso, kisha kikatumbukia kwenye chai yake.

Askari wawili wa mlangoni walifunzwa na Mkurugenzi mwenyewe, na aliwafunza wasisikilize porojo za mtu. Wakaingia na utepe mwekundu, wakauzungusha kwenye meza, kiti na mwenye kiti.

"Rubani ni nani hapa?"

"Acheni upuuzi! Mimi ni bosi wenu!"

"Tunakujua, mzee. Lakini rimoti unayo wewe."

Akaificha nyuma ya mgongo. Ilikuwa aibu kumtazama, ila wote walimtazama.

"Basi iteni hiyo tume!"

"Mwenyekiti wake ni wewe, mzee. Na rubani hajichunguzi, umeandika mwenyewe."

Akatazama saa. "Mrudishieni huyu mama vitu vyake, yaishe!"

"Ndiyo, mzee," wakasema, wakamrudishia vyote. "Hiyo ni amri halali. Ya wewe kutoka ndiyo hatuna."

Mama Mapacha akafungasha haraka, asije mtu akabadili mawazo. Mlangoni akamwambia pole, na kwa kweli alimaanisha.

Mkurugenzi akampigia simu msaidizi wake, bwana mpole aliyeitikia "naam" tangu aajiriwe. Msaidizi alisikitika mno. Tume angeiitisha, ila si leo, maana habari za ajali zimeshafika juu, naye ameambiwa avae suti aende kuapishwa badala ya bosi. Nafasi haiwezi kukaa wazi wala kushikwa na mtu anayechunguzwa.

Mchana ule askari waliwasha redio. Msaidizi aliapa kwa upole uleule, kisha akatoa ahadi yake ya kwanza: kanuni za bosi wake wa zamani ni hazina ya taifa, hazitaguswa hata nukta, na ajali ya leo itachunguzwa kwa kina, bila haraka yoyote.

Mkurugenzi akanyanyua mguu kuuvuka utepe.

"Kaa, mzee," askari wakamwambia.

Akakaa.