Jostiki ya Marehemu Mpwa Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Dada kaleta mashine ya gemu ya marehemu mwanawe. Haiwaki tangu mazishi. Kasema iwake tu, basi. Iwake tu! Kana kwamba mimi ni fundi wa kuwasha taa. Na Fundi Miwani, huyo wa ng'ambo ya barabara, jana kasifiwa mtaa mzima kwa kung'arisha mashine iliyogeuka njano. Nitamwonyesha. Mpwa wangu hatalipuliwa kazi na mjomba wake mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni
Ubovu: kapasita moja, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, imevimba. Nikaweka nyingine, lehemu kidogo, ikawaka. Fundi mwingine angeishia hapo. Mimi nikafungua skrubu zote, nikapaka kava dawa ya kung'arishia nywele, nikalianika juani. Jeupe kama sahani! Jostiki, ile ya kushika mkononi, ilikuwa imetafunwatafunwa pembeni. Aibu tupu. Nikaivisha kava jipya. La zamani nikampa Miwani, naye akanipa feni nzima. Nimempunja, maskini.

Alhamisi, 6 Juni
Dada kaja. Mashine hata hakuitazama. Kaichukua jostiki, akaipapasa pembeni kwa kidole gumba, akaigeuza, akaipapasa tena.

"Meno yake yako wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama anayeongea na mtoto. Kijana alikuwa anaing'ata kila akifungwa bao, na yeye akimgombeza kila siku. Sasa usingizi ukigoma, hapo ndipo anapoweka kidole. Nikamwambia kava lipo, nimelihifadhi vizuri, arudi Jumamosi.

Nikavuka barabara mbio. Miwani kashalikatakata na kuliloweka kwenye petroli, liwe gundi ya kuzibia nyufa. Kanionyesha kopo. Uji mweusi. Akauliza kama nataka nusu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimelifikiria kitaalamu. Alama ya jino ni shimo la milimita moja na nusu. Meno ninayo. Nikafunga mlango, nikaing'ata jostiki. Kushoto mara nane, kulia mara tano, maana alikuwa akielemea kushoto. Nakumbuka vizuri. Mabao mengi nilikuwa namfunga mimi, na sikuwahi kumwachia hata moja. Machozi yalinitoka. Hizi plastiki mpya zina harufu kali.

Jumamosi, 8 Juni
Dada kaipapasa kwa muda mrefu. Nikaanza kupumua. Kisha akanitazama mdomoni.

"Mwanangu hakuwa na pengo, mdogo wangu."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kaikumbatia mashine kifuani, kaondoka nayo, jostiki kaniachia mezani. Sasa mashine bila jostiki itachezwaje? Na kwa kazi yote ile, asante sikupata.

Jumapili, 9 Juni
Sijalala, lakini kosa nimeligundua. Ni pengo. Hilo tu, kwingine kote nilipatia. Kava lingine jipya ninalo. Kesho naenda kwa daktari wa meno anibandike jino, kisha nianze upya.