Tanzia ya Kamen wa Shamba la Mawaridi

Jumatatu, 10 Novemba

Wamembadilisha Kamen! Saa kumi na mbili na dakika nane jioni mlango wa shamba unafunguka kwenye televisheni, anaingia kijana mwenye meno kama vigae vya bafuni, na Liliana anamrukia na kumwita Kamen. Maelezo hakuna. Hata bandeji usoni hakuna. Ukibadilisha uso wa mtu kwenye tamthilia, angalau mfunge bandeji wiki mbili. Jambo la kawaida kabisa hilo.

Miaka sita nimemlea Kamen yule wa zamani. Ndiyo, nimemlea, kwa barua. Arobaini na moja nimewapelekea waandishi kule Sofia, zote nimetia sahihi: Mtazamaji Mwaminifu, Ruse. Niliwaambia Kamen anatabasamu mno, wakampunguzia tabasamu. Niliwaambia moto wa ghalani haukutosha, wakamtumbukiza mtoni mwezi wa Februari, na siku hiyo alilia vizuri ajabu. Leo wanamwondoa bila hata kuniuliza.

Stefka, mke wangu, kasema huyu mpya ana macho mazuri. Nikazima televisheni katikati ya busu.

Jumanne, 11 Novemba

Stefka kahamia kwa Raina! Si kwa masanduku, ila kwa mto wa kukalia na sahani ya banitsa, ule mkate wa jibini. Raina anakaa ghorofa ya pili, chini yetu kabisa, na tangu jana anamsifu Kamen mpya ngazi nzima. Eti Stefka ataangalia Shamba la Mawaridi huko huko mpaka mimi nitakapoacha kugombana na kioo.

Miaka thelathini na moja tumekaa kochi moja. Yeye kushoto, mimi kulia, miguu chini ya blanketi moja. Leo blanketi lote lilikuwa langu na miguu ikawa barafu. Vicheko vyao nilivisikia kupitia sakafu.

Basi nimeapa. Kamen wa zamani atarudi, na akirudi yeye, Stefka naye atarudi. Liwalo na liwe.

Jumatano, 12 Novemba

Mpango wa kwanza: orodha ya sahihi. Nimepanda na kushuka ngazi tangu asubuhi, lifti mbovu. Ghorofa ya nane walisema hawana televisheni, nami naiona nyuma yao inawaka. Mama mmoja wa ghorofa ya sita aliniambia Kamen wangu alikuwa anatembea kama mtu aliyebanwa na kiatu. Nikamweleza kwamba huo ndio uigizaji. Akafunga mlango. Aliyetia sahihi ni mmoja tu, mzee wa ghorofa ya kwanza mwenye masikio mazito. Kisha akaniuliza mafundi wa lifti wanakuja lini.

Kumbe Raina naye anazungusha orodha, ya kumpongeza yule wa vigae! Majina kumi na tisa. Nilipokutana naye ngazini akanionyesha makusudi, akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Jina la tatu kutoka juu lilikuwa mwandiko wa Stefka. Hilo liliniuma, sifichi.

Nimesahau kukoroga pipa la kabichi ya siki huko stoo ya chini. Kesho.

Alhamisi, 13 Novemba

Wazo! Nimelipata kituo cha basi, nikisoma tanzia zilizobandikwa ukutani. Orodha za sahihi hakuna anayezisoma, lakini karatasi yenye mpaka mweusi nani mji huu anaipita bila kusimama? Hata mwenye kuchelewa basi husimama, amtazame marehemu, ahesabu umri wake, ndipo aendelee. Basi Kamen naye apate tanzia yake! Watu wasome, wakasirike, wapige simu Sofia.

Nikaandika: Kwa huzuni kubwa tunatangaza kifo cha mpendwa wetu Kamen, mrithi wa Shamba la Mawaridi, aliyeuawa ghafla na waandishi wake. Binti wa duka la kuchapa akagoma. Akasema tanzia si mahali pa kumtuhumu mtu, akafuta waandishi. Nikataka picha iwe kubwa, basi nafasi ikaisha, akafuta na shamba. Akaniambia pia kwamba tanzia isiyo na anwani ya wafiwa si tanzia, watu watapeleka wapi maua? Nikampa yetu. Kikabaki hiki: picha ya Kamen wa zamani, jina, "ametutoka ghafla", na nyumba yangu. Safi, ya heshima.

Nimebandika thelathini. Mlango mkubwa, duka la mikate, kituo cha basi. Mbili kwenye mlango wa Raina.

Kabichi, kesho.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku gani hii! 

Saa nne asubuhi kengele. Bibi wawili nisiowajua, vitambaa vyeusi kichwani, na bakuli la ngano ya matanga, iliyochemshwa na kunyunyiziwa sukari. Wakanikumbatia bila kusema neno. Kufika saa saba walikuwa kumi na mmoja sebuleni, na rakia, pombe yangu kali ya zabibu, ilikuwa imekwisha. Mmoja akasema uso wa marehemu anaufahamu, lazima alikuwa mtu wa posta. Mwingine akaniuliza alikuwa nani yangu. Ningesema nini? Nikasema nilimlea. Wakalia. Nami nikalia, tena kwa dhati.

Akapanda Stefka na Raina nyuma yake. Raina ana ulimi mkali, lakini tanzia ni tanzia: alishika maua sita meupe ya krisanthemu, idadi shufwa, kama inavyompasa marehemu. Stefka akaitazama picha iliyoegemezwa kwenye televisheni. Akanivuta jikoni.

"Gancho, we una akili kweli? Nani amekufa?"

"Kochi letu, Stefka. Tangu Jumanne."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lilinitoka tu. Akapangusa mikono ambayo haikuwa na maji, kisha akarudi sebuleni akaketi kochini. Upande wa kushoto! Moyo ukaniruka. Nikaona mpango umetimia, na kumbe ulikuwa unaanza tu kuharibika.

Kengele tena. Nikafungua. Marehemu mwenyewe!

Asparuh Minev, mwigizaji aliyekuwa Kamen wa zamani, mzima, mwenye koti la mvua. Mkononi kamshika bibi aliyejikunja, shangazi yake Velika, wa mtaa wa pili. Bibi huyo ameiona picha ya mpwa wake kituo cha basi, akampigia simu, mpwa akapokea, na bado hakuamini, kwa sababu simu inaweza kudanganya lakini tanzia haidanganyi. Ikabidi mpwa aje kutoka Sofia, bibi amshike mkono. Bibi watatu wakafanya ishara ya msalaba. Raina peke yake hakubabaika. Akachomoa ua moja katika yale sita, akalitia mfukoni, na yale matano akampa Asparuh. Witiri, kama inavyompasa aliye hai.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimekwishaanza kumpigania, waliomfukuza watajuta. Akanitazama kwa upole.

"Sikufukuzwa, mzee wangu. Niliacha mwenyewe. Kuna mtu wa huku huku Ruse, anajiita Mtazamaji Mwaminifu. Kila akiandika, mimi nateswa. Mara moto, mara mto. Tangu Februari mgongo huu haujanyooka."

Akaongeza kwamba sasa anafuga nyuki, na analala vizuri.

Stefka akanigeukia. Ndiye anayeninunulia stempu. Nikasikia bibi mmoja anatafuna ngano. Nikamkaribisha mgeni banitsa. Shangazi Velika alikula vipande vitatu huku kamng'ang'ania mpwa wake mkono, na kila baada ya kipande alimpapasa shavu kuhakikisha.

Walipoondoka wote, Stefka alisema sentensi moja. Barua moja tu zaidi, na safari hii atahamia kwa Raina kwa masanduku. Niliogopa. Nilimwapia kwamba Mtazamaji Mwaminifu hataandika tena, na nilimaanisha.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimebandua tanzia ishirini na tisa kwenye mvua. Shangazi Velika alinifuata na mwavuli, kila niliporuka moja aliigonga kwa ncha yake. Alisema gundi nzuri hivi angeiweka kwenye viatu. Raina amebakiza moja mlangoni mwake, kwa kumbukumbu.

Kabichi inanuka. Stefka kasema ataikoroga mwenyewe, maana mimi nina kazi nyingi za maziko.

Jumatatu, 17 Novemba

Stefka kochini, kushoto. Mimi kulia. Blanketi moja, miguu yake baridi juu ya yangu, raha isiyosemeka. Kamen mpya alicheka, akala zabibu, akambusu Liliana. Nilinyamaza kipindi kizima. Nilipouma pindo la blanketi Stefka alinipapasa goti, akasema naona unajitahidi, mume wangu. Sitaki kitu kingine duniani.

Ila yule kijana hajateseka hata chembe! Siku nane shambani na nywele hazijavurugika! Mtu hawi Kamen kwa kula zabibu. Ataumbwa na nani, kama sisi tunaomjali tutakaa kimya? Mto uko pale pale, na Februari haiko mbali.

Stefka ameshuka kukoroga kabichi. Nina dakika kumi. Kiapo ni kiapo, Mtazamaji Mwaminifu hajaandika na hataandika. Barua ni fupi na ya adabu: mtumbukizeni, na safari hii apasue barafu kwanza. Nimetia sahihi kwa mwandiko wa kike, nadhifu kabisa: Raina Petkova, ghorofa ya pili.