Nyekundu Lazima Ishinde

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha darubini mpya. Chombo chetu kitaupasua mwanga wa nyota katika rangi zake, ila nafasi ni ya kipande kimoja tu: buluu au nyekundu. Nyota zangu zimepoa, nyekundu tupu. Wakichagua buluu, utafiti wangu wa miaka sita umekwenda na maji. Mpinzani wangu, tunayemwita Bi Buluu, akasema tusibishane, tupime kwanza kwa programu ya kompyuta inayoiga anga. Mkuu wa idara akakubali. Haya! Atakiona cha mtema kuni.

Jumanne, 4 Machi
Aibu! Kumbe hewa yetu nayo hung'aa gizani, tena kwa wekundu, na mvuke wake unameza mistari yangu yote mizuri, ile alama ninayoitambulia nyota. Ya Bi Buluu imetoka safi. Mke wangu kaniuliza kwa nini nisihamie nyota za buluu. Hana huruma yule.

Jumatano, 5 Machi
Wazo, nikiwa naoga! Nimeizima hewa kwenye programu. Sijadanganya, nani aliniuliza habari za hewa? Nyekundu inang'ara! Nimepita ofisini kwa Bi Buluu nikipiga mluzi. Nikarudi, nikapita tena.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeonyesha matokeo kikaoni. Makofi mwanzoni. Kisha Bi Buluu, kwa adabu zake zile za kuudhi, akauliza mvuke umekwenda wapi. Nikasema labda ni kiangazi. Na hewa yenyewe? akauliza tena. Fundi wa darubini akataka kujua kama naye atafanya kazi bila kupumua. Mkuu alicheka hadi akavua miwani. Buluu imepita. Mlangoni Bi Buluu akaniambia alikuwa amenitengea, ukingoni mwa nafasi yake, kipande chembamba cha wekundu, pale hewa isiposumbua. Ningeomba tu! Sasa Mkuu amekifuta, hataki kusikia neno nyekundu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeumia, sifichi. Mke wangu kasema mficha uchi hazai. Ningeeleza shida yangu mapema. Kweli kabisa. Bi Buluu amemwangukia Mkuu, nikapewa nafasi ya mwisho: nieleze ninachohitaji, bila ujanja, na Bi Buluu mwenyewe atanitetea. Moyo umetulia. Nimekaa kuandika. Mara nikakumbuka kuwa mbalamwezi huwaharibia zaidi watu wa buluu. Hadi saa kumi jioni programu ilikuwa na mwezi mmoja angani. Sasa ina miwili.