Nilivyozigawa Hisa za Shangazi

Leo nimeumbuka, jamani. Tena mbele ya ukumbi mzima hapa Same, shangazi yangu akiwa mstari wa mbele!

Mnakikumbuka kile kiwanda cha sabuni kilichokuwa cha serikali, kikabinafsishwa, wananchi tukauziwa hisa? Shangazi Namsifu, wa kule Mhezi, aliuza ng'ombe wake mmoja akanunua. Ukoo mzima ukasema amerogwa. (Na mimi nilisema. Nina stashahada ya biashara.)

Leo ofisa wa kampuni amekuja kutoka Dar kuzungumza na wanahisa. Akauliza nani atawatafsiria wazee kwa Kichasu, lugha yetu ya nyumbani. Mkono wangu ukawa juu kabla hajamaliza. Nisiwafiche, nilikuwa nautamani uwakala wa kampuni. (Kichasu changu ni cha likizo. Nimekulia Moshi.)

Akaanza na gawio, ile faida wanayolipwa wenye hisa. Tangu watu wanunue hisa, kila mwaka limetoka. Mwaka wa ukame, limetoka. Mwaka mashine zilipoharibika, likatoka dogo, lakini likatoka. Nikatafsiri vizuri kabisa. Mzee mmoja akavua kofia. Hata mimi nilisisimka. Hawa ni watu waliofulia majani ya mpapai enzi zile sabuni haipatikani hata kwa foleni, na leo kiwanda cha sabuni ni chao!

Ofisa akaiweka sawa tai yake. "Sasa la furaha. Hisa zenu zimegawanywa. Kila moja imekuwa mbili."

Akili yangu ilikuwa bado kwenye mpapai. Nikasikia "zimegawanywa" tu. Nikachagua neno la kugawa nyama kwenye sherehe, ile ambayo kila mtu anaondoka na fungu lake na mwenye mbuzi anabaki na kamba.

Akina mama wakaanza kujifunga kanga viunoni.

"Naona wamefurahi!" ofisa akasema, akitabasamu. "Waambie mambo yakienda vizuri, mbele ya safari tutagawa tena."

Nikawaambia. (Ndiyo. Nikawaambia!)

Shangazi akainuka, akachukua mkoba wa ofisa pale mezani, akauweka kwenye kiti chake, akaukalia.

"Shikamoo, mama," ofisa akasema, jasho likimtoka.

"Marahaba." Shangazi sasa aliamua kusema Kiswahili. "Nusu yangu umempa nani?"

"Nusu ipi, mama?"

"Ya ng'ombe wangu!"

Ofisa akanigeukia. "Kijana, umewaambia nini hawa?"

Nikarudia kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa. Ofisa akashika kichwa.

"Mama, hakuna aliyepewa chako," akasema polepole. "Palipokuwa na hisa moja, sasa una mbili. Kila moja ina thamani ya nusu ya ile ya zamani, kwa hiyo mali yako ni ile ile. Tumezifanya ndogo ili hata mwenye kipato kidogo aweze kununua."

Shangazi akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo nikitaka kumpa mjukuu wangu, nampa moja, na mimi nabaki na nyingine?"

"Hasa, mama."

Akainuka taratibu, akamrudishia mkoba, lakini hakuuachia. "Na ule mwaka wa ukame. Mahindi yangu yote yalikauka. Zile hela za gawio, kweli kiwanda kilinikumbuka?"

"Kilikukumbuka, mama."

Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Tulimcheka mwanamke huyu miaka yote hii!

Ndipo akanigeukia.

"Mwanangu, hiyo stashahada yako mligawana wangapi?"

Ukumbi ukapasuka. Wazee walishikana mabega wasianguke. Ofisa alikaa chini sakafuni, na tai yake. Uwakala sikuuliza tena.

Naombeni msicheke. Anayeshindwa kujizuia, basi acheke kwa Kichasu, maana imethibitika sikielewi.