Wataikumbuka Besi Yangu

Jumanne, 4 Machi

Bango la onyesho la Jumamosi limebandikwa. Bendi nzima ipo pichani. Mimi ni kiwiko! Kiwiko cha kushoto, pembeni kabisa, na nusu yake imefunikwa na bei ya kiingilio. Miaka tisa naibeba bendi hii ya roki kwa gita la besi, shukrani yenyewe ndiyo hii. Nikamvaa shemeji, kaka wa mke wangu, maana ndiye mwimbaji na ndiye aliyechagua picha. Akasema eti mbona kimetoka vizuri.

Alhamisi, 6 Machi

Hasira imenizalia wazo. Jumamosi sitachomeka waya wa gita! Nitasimama jukwaani, nitachezesha vidole, na besi haitatoka hata chembe. Nyimbo zitapwaya, watu watazomea, shemeji atageuka kunitazama kwa macho ya kuomba. Hapo ndipo nitakapochomeka. Mke wangu ameuliza nachekea nini peke yangu jikoni. Nimemwambia ni mambo ya sanaa.

Jumapili, 9 Machi

Nimedhalilishwa! Wimbo wa kwanza, upande wangu kimya, watu wanaruka. Wa pili, wanaruka zaidi. Nikatikisa kichwa, nikakunja uso, nikapiga magoti, jasho likanitoka kuliko siku zote. Hakuna aliyegeuka. Tulipomaliza, mpiga ngoma akanikumbatia, akasema leo tumeshikana kweli kweli. Fundi mitambo naye akaja kunipa mkono. Eti miaka yote ananisihi nipunguze sauti, na hatimaye nimesikia. Mkono nilimpa, kwa shingo upande.

Jumatatu, 10 Machi

Leo mazoezini nimewajibu. Nilichomeka waya, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kioo cha dirisha kikapasuka. Mwenye ukumbi akatoka bafuni na povu masikioni, akatutimua sote. Tulipofika nje, shemeji akanitimua mimi tena, peke yangu. Kuanzia sasa mpiga kinanda atapiga besi kwa mkono wa kushoto. Mkono mmoja! Tena ule aliokuwa anashikia soda! Nimekaa ngazini na gita mapajani, na nikalia. Sina kazi nyingine ninayoipenda duniani.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu ameniombea kwa kaka yake, na shemeji amelegea. Nipige simu kabla mazoezi ya leo hayajaanza, niseme samahani, neno hilo moja tu, nirudi. Nisipopiga, basi tena, mkono wa kushoto ndio mwenzao. Mke wangu ameniwekea simu mezani na kunisihi nimeze kiburi, japo mara moja, kwa heshima yake.

Nimelifikiria kwa utulivu. Samahani ya nini? Walioniudhi ni wao! Na nikipiga haraka haraka watadhani siwezi kuishi bila wao. Wakinikosa leo ndipo watakapojua mimi ni nani.

Sasa hivi wanaanza. Nimeizima simu, ili wahangaike vizuri kunitafuta.